Upendeleo Usio na Chuki

Tumezoea kudhani kwamba pasipo chuki hapana ubaguzi. Bosi asiyemdharau mtu kwa kabila, dini wala jinsia tunamhesabu kuwa mtu wa haki. Lakini ukichunguza jinsi watu wanavyopata kazi, utaona kwamba pengo kati ya walionacho na wasionacho halihitaji chuki ili lidumu. Wema unatosha.

Tuseme nafasi ya mhasibu msaidizi inakaribia kuwa wazi. Kabla tangazo halijatoka, mfanyakazi mmoja anampigia simu mtoto wa dada yake: "Niletee CV kesho asubuhi, na kwenye usaili usisahau kuutaja mfumo wa malipo tunaoutumia." Hakuna bahasha iliyopita chini ya meza. Kijana ana digrii, kazi anaiweza, anaipata. Mwenzake waliyesoma naye darasa moja, mtoto wa mama lishe, analiona tangazo siku ya mwisho. Hakuna aliyemchukia, ila hakuna aliyemkumbuka.

Mwanasosholojia Nancy DiTomaso, katika kitabu alichokitoa mwaka 2013, anaeleza alivyowahoji Wazungu wa Marekani kuhusu maisha yao ya kazi. Kazi zao nyingi walizipata kwa msaada wa ndugu, jirani au rafiki, lakini walipoeleza mafanikio yao walitaja juhudi. Hawakudanganya. Jasho mtu hulikumbuka kwa kuwa limemtoka mwenyewe. Simu ya mjomba haikumwuma popote.

Hapo ndipo imani ya kustahili inapokuwa ya hatari. Inasema nusu ya ukweli, na kwa nusu hiyo inawahukumu waliokosa: kama mimi nimepata kwa kuwa nastahili, basi aliyekosa hakustahili. Hata taasisi hunaswa. Mwaka 2010 watafiti Emilio Castilla na Stephen Benard walionyesha, kwa majaribio, kwamba washiriki waliopewa kazi ya umeneja katika kampuni inayojinadi kuthamini ustahili waliwapa wanaume bonasi kubwa kuliko wanawake wenye utendaji uleule. Anayejiamini kuwa mwadilifu haoni haja ya kujikagua.

Kustahili ni jambo la kulinganisha. Huwezi kusema fulani amewazidi wenzake ilhali wenzake hawakuitwa kushindana. Hii haina maana kwamba tukate udugu, kwa sababu wengi wetu tumelelewa na kusomeshwa kwa kusaidiana. Msaada ndio unaopaswa kuvuka mipaka ya ukoo. Aliyesikia nafasi aitangaze hadi kwa asiowajua. Anayesaili aandike vigezo kabla ya kuona majina. Na anayewasimulia vijana alivyofanikiwa amtaje aliyempigia simu, ili wanaomsikiliza wasijilaumu kwa kukosa kitu ambacho hata yeye hakukipata kwa jasho peke yake.