Dalali, Uliza Dola Zimetoka Wapi

Dalali wa Lavington, Nairobi, akipata mteja anayelipa nyumba nzima kwa dola taslimu, bila mkopo wala maswali, humshukuru Mungu kwanza. Wakili wake mjini huandaa mkataba wa mauzo, mhuri unagongwa, hati inaandikwa jina la shemeji, au la kampuni ambayo hakuna ajuaye inauza nini. Kila mtu anakata chake. Hakuna anayeuliza hela hizo zilikuwa za nani.

Nakusumbua na swali hilo kwa sababu mkataba wa amani wa Sudan ulitiwa saini papa hapa, Uwanja wa Nyayo, Januari 9, 2005, baada ya Jenerali Lazaro Sumbeiywo wetu kuwavumilia mahasimu wa kaskazini na kusini kule Machakos na Naivasha. Aprili mwaka huo wafadhili wakakutana Oslo, wakaahidi dola bilioni 4.5 za kuijenga nchi upya. Mafuta nayo yakaleta yake. Mei 2012, Sudan Kusini ikiwa haijatimiza mwaka wa uhuru, Rais Salva Kiir aliwaandikia barua watu 75, maafisa na wandani wao, warudishe fedha za umma. Hesabu yake ilikuwa takriban dola bilioni 4. Desemba 2013 bunduki zikalia tena Juba. Na mwaka 2016 shirika la The Sentry likaripoti kwamba familia za vinara wa pande zote mbili za vita hivyo zilikuwa na makazi Lavington, mtaa mmoja.

Jibu lako nalijua: nikimkataa, ataenda kwa mwenzangu. Ataenda, ndiyo. Hilo ni la mwenzako na Mola wake. Wewe utaulizwa la mkono wako. Tena sheria ya mwaka 2009 ya kuzuia utakatishaji wa fedha imewataja mawakala wa nyumba miongoni mwa wanaopaswa kuripoti malipo ya kutiliwa shaka, kwa hiyo usijifanye mgeni.

Lakini usije ukamgeuzia hasira asiyehusika, maana huko ndiko tunakopenda kukimbilia. Mwanafunzi kutoka Juba anapandishiwa kodi ya bedsita Kangemi kwa kuwa eti Wasudani wana dola, halafu mwenye jumba anafunguliwa geti kwa saluti. Yule wa Kangemi ndiye aliyeibiwa. Zahanati iliyoahidiwa kwao haikujengwa, ndiyo maana yuko hapa. Mtoze anachotozwa Mkenya wa mlango wa pili, basi.

Na mteja wa dola akija, mwombe karatasi za benki zinazoonyesha pesa zilikoanzia, na jina la mwenye kampuni kwa ukamilifu. Mwombe kwa adabu, kama unavyomwomba mtu yeyote. Akifoka kwamba unamdharau, funga faili, umsindikize hadi garini, na nyumba usimwonyeshe.