Mghafala Nyuma ya Kioo

Hologramu, iliyovumbuliwa na Dennis Gabor nchini Uingereza mwaka 1947, ni namna ya kuhifadhi mwanga ambayo hainasi ukali wake tu, kama ifanyavyo picha ya kawaida, bali pia jinsi mawimbi yake yanavyopishana. Utando wenye hologramu ukitiwa ndani ya kioo cha mbele cha gari, huielekeza miali ya projekta kwenye macho ya dereva, naye huona tarakimu za mwendo, mshale wa njia na onyo la hatari vikielea mita kadhaa mbele ya boneti, mahali ambapo kwa hakika hapana kitu. Faida yake ni kubwa, kwani dereva hahitaji tena kuinamia dashibodi.

Hata hivyo, kukodoa macho si kuona. Ibn al-Haytham wa Basra, aliyeandika juu ya elimu ya mwanga katika karne ya 11, alifundisha kwamba mwanga hutoka kwenye kitu na kuingia jichoni, ila utambuzi hukamilishwa na akili inayopambanua. Majaribio ya shirika la anga za juu la Marekani, NASA, yaliyochapishwa mwaka 1980, yalidhihirisha jambo hilo kwa namna ya kutisha: baadhi ya marubani wazoefu, wakitua katika mtambo wa kuigiza urukaji huku tarakimu zikielea mbele yao, hawakuiona kabisa ndege nyingine iliyoziba njia ya kutua, ingawa ilikuwa nyuma ya tarakimu zile zile walizokuwa wakizisoma.

Neno “ghafla” lina asili moja na “kughafilika”, na katika mafundisho ya Kiislamu mghafala ni hali ya moyo uliosinzia ilhali mwili uko macho. Dereva anaposema kwamba mtoto alitokea ghafla, lugha yenyewe humtaka aeleze ni nani aliyeghafilika. Wala jibu halipunguzwi uzito na chombo. Pengine huongezwa, maana dereva aliyezoea kuona kila mpita njia aliyetambuliwa na kamera ya gari akizungushiwa mstari wa nuru kiooni huanza kuamini kwamba pasipo mstari hapana mtu, na uhai aliokabidhiwa kuuchunga kama amana anauachia kamera, wakati mvua inanyesha na mtu ambaye kamera haikumtambua ameshatia mguu kwenye kivuko.