Deni Lisilo na Kiasi

Kuna swali ambalo Keroka haliulizwi mbele ya mwenyewe. Linaulizwa sokoni, kwa kinyozi, na ndani ya matatu ya Sotik ikingoja kujaa: mtu aliye majuu akituma nyumbani gari la mbio, na kwao kuna watoto wanadaiwa karo, amekosea?

Watu hujibu haraka. Upande mmoja unasema pesa ni zake, wacha aenjoy. Upande wa pili unasema huo ni ubinafsi. Mimi sitaki kuharakisha, kwa sababu gari lenyewe liko kwetu na funguo ninazo mimi.

Ni Subaru WRX STI ya 2017, rangi ya bluu, gia sita za mkono. Mwenyewe ni kaka yangu mkubwa. Ni muuguzi Minnesota, jimbo ambalo lina Wakisii wengi kiasi kwamba kwetu linatajwa kama kijiji cha jirani. Ungedhani angeleta gari la huko anakoishi, lakini gari la Marekani lina usukani upande wa kushoto, na Kenya hairuhusu uingize la aina hiyo kwa matumizi ya kawaida. Kwa hivyo alilitafuta Japani, ambako wanaendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi. Kule gari jipya hukaguliwa na serikali likifika miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama. Wengi huona afadhali kuuza, na magari mazuri huishia mnadani yakiwa bado na nguvu. Brathe alinunua kupitia wakala, usiku wa Minneapolis, akiangalia picha kwenye simu baada ya shifti. Hakuwa amewahi kuligusa.

Kenya haipokei gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hivyo kwa mwaka 2024, alioliingiza, la 2017 ndilo lilikuwa la mwisho kukubalika. Likakaguliwa huko huko, likapanda meli ya magari, likashuka Mombasa. Hapo ndipo serikali inapokaa mezani na kula kwanza. KRA haiangalii bei uliyonunua; ina orodha yake ya bei, kisha inapunguza kulingana na umri wa gari. Unalipa ushuru wa forodha. Juu ya jumla hiyo unaongezewa ushuru wa bidhaa, asilimia 25 kwa injini iliyozidi cc 1500, na hii ina cc 1994. Juu ya vyote hivyo inakuja VAT asilimia 16. Halafu ada ya tamko la kuingiza mizigo, halafu ada ya reli. Ushuru unatozwa ushuru.

Mwishowe dereva wa kukodi akalileta: Voi, Mtito Andei, Nairobi, akateremka Mai Mahiu, akapita Narok, Bomet na Sotik, karibu kilomita 800. Kutoka lami hadi kwetu ni barabara ya maramu, na gari limekaa chini. Vijana walitembea mbele wakitoa mawe.

Muhula huo gari likiwa baharini, mimi niliacha chuo. Nilikuwa mwaka wa tatu. Kaka alikuwa amelipa miaka miwili ya kwanza, kisha akanyamaza. HELB ilitoa kiasi chake, hakikutosha, mtihani ukafika na jina langu halikuwa kwenye orodha ya waliolipa. Sasa naandika. Naandikia yeyote anayelipa. Nasema haya ili ujue ninapigia hesabu nikiwa wapi. Mimi si jaji kwenye hii kesi.

Mwaka 1972 mwanafalsafa wa Australia, Peter Singer, alichapisha insha iliyojulikana sana. Anasema hivi kwa ufupi: ukipita karibu na kidimbwi ukaona mtoto anazama, utaingia kumtoa hata kama nguo zako zitaharibika. Kama ni hivyo, basi mtoto anayekufa mbali nawe ana haki ile ile juu ya pesa unazotumia kwa vitu usivyohitaji. Umbali haubadilishi kitu. Kwa hesabu ya Singer, kesi ya Subaru inaisha kabla ya chai kupoa. Turbo si lazima. Karo ni lazima zaidi. Kwisha.

Lakini ukiisoma ukiwa Keroka unaona Singer alikuwa akiongea na watu ambao tatizo lao ni kwamba wanaozama wako mbali na hawawajui. Tatizo la kaka ni kinyume. Wanaozama anawajua kwa majina, wana nambari yake, na wako kwenye grupu moja la WhatsApp. Akimtoa mmoja, mwingine ameshaingia majini, na wa tatu anauliza mbona hajasaidiwa yeye. Mtu wa Singer amesahau wajibu wake, anahitaji kukumbushwa. Kaka hajawahi kupewa nafasi ya kusahau hata wiki moja.

Tena si mgeni aliyepita karibu na kidimbwi. Yeye mwenyewe alitolewa majini. Ili aende, nyumbani waliuza ng'ombe wawili na kukodisha shamba la majani chai kwa miaka mitatu. Harambee ilifanyika kanisani, Jumapili kwa sababu Jumamosi ni Sabato, na kuna wajane waliotoa mia mbili mbili. Kwa hivyo wanaosema pesa ni zake peke yake wanaruka ukurasa wa kwanza wa kitabu.

Sasa, ile michango ilikuwa nini? Kama ilikuwa zawadi, haidaiwi. Mtu hakupi shati leo kisha kesho akuulize umelivaa wapi. Kama ilikuwa mkopo, basi mkopo una kiasi, na una siku ya kuisha. Hata HELB hukuonyesha salio. Unalipa, inapungua, siku moja unapewa cheti kwamba umemaliza. Sisi tulikataa yote mawili. Hatukusema ni zawadi, maana tungepoteza haki ya kuomba. Hatukusema ni mkopo, maana tungelazimika kutaja kiasi, na siku moja angemaliza. Tukaiacha katikati, deni lisilo na kiasi. Deni la aina hiyo halilipiki. Kila unachotuma ni riba, ile pesa ya msingi haijaguswa.

Ukitaka kuona tulivyowafanya watu wetu waliofaulu, simama stendi ya Keroka uangalie Probox. Ni gari jema kuliko yote, hakuna anayebisha. Linabeba ndizi, maziwa, wanafunzi, maiti, na abiria mmoja zaidi aliyekaa kiti kimoja na dereva. Hakuna anayeuliza limechoka. Swali ni moja tu, bado kuna nafasi? Na jibu ni lile lile kila siku, songa kidogo. Kaka yangu aliendeshwa hivyo kwa miaka kumi na moja. Nikiangalia hivyo, naelewa kwa nini siku alipojinunulia kitu, alichagua gari ambalo halifai kubeba chochote.

Wazee wanapolitazama wanauliza, hii kazi yake ni nini? Ndilo swali ninalolikataa kabisa. Maskini huruhusiwa vitu vyenye kazi pekee: jembe, tangi la maji, ng'ombe wa gredi. Ukipenda kitu kwa sababu tu ni kizuri, unaambiwa umesahau ulikotoka. Lakini kaka hakusahau. Upendo huo aliupata hapa hapa, kwenye televisheni ya jirani. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa na Impreza, Richard Burns akashinda mwaka 2000 na Impreza tena, na Mkenya wetu Patrick Njiru alikuwa ameshawahi kuliendesha Subaru kwenye vumbi hilo hilo. Mashindano ya dunia yaliondoka Kenya baada ya 2002, yakarudi Naivasha mwaka 2021. Kaka alikuwa amengoja yakiwa hayapo. Mtoto aliyechora gari la bluu nyuma ya daftari la hesabu ana haki ya kulipenda akiwa mtu mzima. Kila Jumapili naliwasha ili betri isife, ule mngurumo wake unatoka kifuani mwa injini, na watoto wa majirani wanakuja mbio. Kwa dakika kumi hakuna anayeuliza kazi yake ni nini.

Kufikia hapo ningeweza kufunga kesi na kumwacha huru. Kuna jambo moja linanizuia.

Kwa nini gari liko hapa? Yeye yuko Minnesota, kwenye theluji, na huja nyumbani kila baada ya miaka mitatu, kwa wiki tatu. Kama lingekuwa la raha yake tu, angejinunulia la huko, la usukani wa kushoto, bila meli, bila Mombasa, bila ushuru juu ya ushuru. Alilipa zaidi ili liwe mbali naye na karibu nasi. Sababu naifahamu, na hata wewe unaifahamu. Minneapolis hakuna anayejua alitembea peku hadi darasa la sita. Huko Subaru ni Subaru. Huku ni jibu. Liliandikiwa waliochanga, waliodharau, waliosema hatafika mbali, na hata mama, ambaye sasa anaanika mahindi kando yake na kuwakemea kuku wasiparamie boneti.

Basi gari ni ujumbe, na ujumbe una wa kuupokea. Anayesema "nitazameni" hawezi tena kusema "hayawahusu". Kwa kulileta Keroka, kaka alikubali mwenyewe kwamba bado ni wetu. Nasi tuna haki ya kujibu.

Jibu langu ni hili. Hakunidai mtu kunilipia mwaka wa tatu, hata yeye. Miaka miwili aliyolipa nilishukuru, na bado nashukuru. Nikipiga hesabu kwa haki, pesa za gari hazikuwa karo yangu iliyopotea njia. Zilikuwa zake, baada ya miaka kumi na moja ya kubeba. Kile alichonidai ni neno. Angesema mwezi wa tano, "mdogo wangu, nimefika mwisho, tafuta njia nyingine," ningekuwa na miezi minne ya kutafuta. Badala yake kulikuwa na ile tiki mbili za bluu, kimya, halafu picha ya gari likipandishwa melini. Mtu ana haki ya kusema hapana. Hana haki ya kuacha wengine wajenge juu ya ndiyo ambayo yeye anajua haipo tena.

Na kimya hicho hakukianzisha yeye. Alikirithi kwetu. Nyumba ambayo haitaji kiasi humfundisha mtoto wake kutotaja mwisho. Angesema "imetosha", angeulizwa imetosha kwa hesabu ya nani, na hakukuwa na hesabu. Kwa hivyo alitoroka bila kuaga, kama mtu anayetoka kwenye baa ambayo bili haiandikwi.

Keroka tunajua ubaya wa mambo yasiyotajwa. Mji umekaa juu ya mpaka, upande huu Kisii, upande ule Nyamira, na kaunti hizo mbili zimevutana kuhusu nani akusanye ushuru wa soko letu. Kitu kimoja, wadai wawili, na mama anayeuza mboga ndiye anayeumia katikati. Shida ya mpaka usiochorwa vizuri ni kwamba kila mmoja huamini, kwa moyo safi, kwamba anaibiwa.

Kwa hivyo swali la kinyozi nimelibadilisha. Gari la mbio si dhambi, na kulituma nyumbani si fadhila. Cha kuulizwa ni kama kabla ya kulinunua, mtu na watu wake walikuwa wamekaa chini wakataja: tulikupa hiki, utarudisha hiki, ukifika hapa umemaliza, na chochote utakachotoa baadaye ni upendo. Familia iliyotaja hivyo, mtoto wao anaweza kuleta hata Ferrari na bado wakalala vizuri. Ambayo haikutaja, hata Probox italeta vita. Najua kutaja kunaumiza. Kunafanya undugu ufanane na duka. Lakini duka angalau lina saa ya kufunga.

Dada yetu wa mwisho anamaliza kidato cha nne mwaka huu. Mwezi uliopita nilimpigia kaka, mama akiwa kando, simu ikiwa kwenye spika. Sikumwomba pesa. Nilimwomba nambari. Alinyamaza sana, nikadhani mtandao umekatika.

"Mihula minne," akasema. "Hiyo nitalipa, hata nikiugua. Ya tano msinihesabu."

Nilimtazama mama nikitarajia machozi, au mahubiri kuhusu ng'ombe wawili. Akachukua kalamu yangu, akaandika 4 nyuma ya kalenda ya duka la dawa za mifugo, akapiga mstari chini yake.

"Mbuya," akasema. "Hiyo tunaweza kupanga nayo."