Faraja Isiyongoja Dhiki Iishe

"Baada ya dhiki faraja," husema Waswahili, na methali hii imewazuia wengi kukata kamba kabla ya wakati. Humkumbusha aliyelemewa kwamba hakuna usiku usiokucha. Ila ukiipeleka Rombo, kule Kajiado Kusini, Kenya, chini ya Kilimanjaro, mfugaji atakuuliza swali moja: baada ya lini?

Swali si la utani. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na ng'ombe wa Kajiado wakafa kwa wingi. Mvua iliporudi, dhiki haikufunga virago. Mwenye nyanya na vitunguu vinavyonyweshwa kwa mfereji wa maji ya mlimani bado hukesha akililinda shamba dhidi ya ndovu, hugombania zamu ya maji, kisha hukutana na dalali anayejua fika kwamba nyanya iliyoiva haingoji bei. Anayeahirisha furaha mpaka haya yote yaishe atazeeka akiahirisha.

Hapa ndipo Nehemia sura ya 8 inapoigeuza methali. Mhubiri hupenda kutaja maneno ya mwisho ya mstari wa 10 tu, kwamba furaha itokayo kwa Bwana ndiyo nguvu za watu wake, kisha huketi. Ni afadhali tuwatazame walioambiwa. Ukuta wa Yerusalemu umekamilika kwa siku 52, yapata mwaka 445 kabla ya Kristo, lakini ndani yake nyumba ni chache na watu ni haba. Sura ya 5 inaeleza kwamba wengine walikuwa wameweka rehani mashamba na mizabibu ili wapate nafaka, wengine wamekopa ili walipe kodi ya mfalme wa Uajemi, hata watoto wao wakatiwa utumwani. Watu hao ndio waliosimama mbele ya Lango la Maji tangu alfajiri hadi adhuhuri, kuhani Ezra akiwasomea Torati. Wakalia. Wakaambiwa waache kulia, waende wakale vinono, wanywe vitamu.

Dhiki ilikuwa haijaisha. Furaha, basi, haikuja kama mshahara wa mwisho wa mwezi. Ilikuja mapema, kama posho ya kufanyia kazi iliyobaki. Sababu yake imetajwa: watu walifurahi kwa kuwa walielewa waliyosomewa. Walielewa kwamba pamoja na makosa ya baba zao na yao wenyewe, Mungu hakuwa amewakana. Mtoto aliyekosea akijua baba hajamfukuza hurudi shambani na jembe lake. Asiyejua hushinda amejificha. Nguvu hiyo haitegemei hesabu ya zizi, na nabii Habakuki alifika mbali zaidi aliposema atamshangilia Bwana hata kama mabanda hayana ng'ombe hata mmoja. Mmasai aliyepitia ukame hahitaji kufafanuliwa maneno hayo. Na si Wakristo pekee walioliona jambo hili: Sura ya 94 ya Kurani inasema wepesi uko pamoja na uzito, na inalisema mara mbili.

Lakini fundisho hili huharibika upesi mikononi mwa wavivu. Kumwambia mjane atabasamu kwa sababu ameokoka ni ukatili uliovaa kanzu. Nehemia hakufuta kilio milele. Siku ya 24 ya mwezi uleule watu walifunga, wakavaa magunia, wakaungama. Furaha ndiyo iliyotangulia, ikawapa ujasiri wa kujitazama. Na mara baada ya kukatazwa kulia, waliamriwa kula, jambo la kukumbukwa katika nchi iliyofukua miili zaidi ya 400 katika msitu wa Shakahola, ambako njaa ilihubiriwa kuwa njia ya kumwona Yesu.

Kuna sehemu ya agizo lile ambayo husahauliwa kabisa: wampelekee sehemu yake asiyekuwa na kitu. Furaha ya kufungia mlango haikuruhusiwa. Wamasai wana osotua, urafiki unaomfanya mtu ampe mwenziwe mifugo anapopungukiwa, bila kuandika deni wala kungoja malipo. Aliyefiwa na kundi hujua boma la kuendea. Injili ilipofika Rombo haikuwakuta watu wasiojua kitu kuhusu neema. Tatizo la leo ni kwamba mgao wa ardhi, ada za shule na safari za kutafuta kazi Kitengela zinaupima undugu huo, na ibada inayopigwa vigelegele Jumapili inaweza kumalizika bila mtu kuuliza ni nani ambaye jiko lake halikuwaka.

Wale wa Yerusalemu waliuliza. Kodi ya Uajemi iliendelea kuwabana, na walikiri wazi kwamba wangali watumwa katika nchi yao wenyewe. Hata hivyo waliandika agano na kulitia muhuri, na mojawapo ya ahadi zake ilikuwa kwamba kila mwaka wa saba hawatamdai mtu deni lolote.