Mbali na Nani?

Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha katika delta ya Rufiji, ndani ya mikoko. Waingereza walioitaka hawakusema kwamba delta haifikiki. Walileta meli mbili za mizinga kutoka Malta, wakaiteka Mafia, wakatengeneza hapo kiwanja cha ndege, na marubani wakaruka juu ya vijito kuelekeza mizinga. Tarehe 11 Julai 1915 manowari ile ikaishia matopeni. Mahali ambapo leo ripoti husema ni pagumu kufikika, palifikika kabla ya boti za faiba na simu za mkononi, kwa sababu wenye nguvu walikuwa na wanachokitaka huko.

Nalikumbuka jambo hilo kila ninaposikia kata za delta hiyo wilayani Kibiti, yaani Msala, Kiongoroni, Mbuchi, Maparoni na Salale, zikiitwa za pembezoni. Pembezoni mwa nini? Kwa Mnyagatwa anayelima mpunga na kuvua kamba pale, delta ndiyo katikati. Kibiti mjini ndiko mbali, na Dodoma usiseme. Mgonjwa yuko mbali na daktari kama vile daktari alivyo mbali na mgonjwa, lakini anayetakiwa kusafiri ni yule asiyeweza hata kusimama.

Kilomita nazo hazisemi kitu huko. Maji yakipwa boti inakwama, na uchungu wa mama haungoji yajae. Kuna bei ya petroli, kuna giza, kuna kusi. Kuna na majira ya shamba: msimu wa mpunga familia huhamia kondeni, wakalala kwenye madungu kuyalinda mazao yao dhidi ya nguruwe na viboko. Zahanati inabaki kijijini na dawa zake (zikiwepo), wenyewe hawapo. Kwenye ramani ya wilaya kijiji hicho kinahesabika kuwa kina huduma.

Mimi sioni kwamba jengo ndilo huduma. Huduma ni mgonjwa, dawa na mtu mwenye ujuzi kukutana kabla saa haijapita. Kimoja kikikosekana, tunabaki na kuta na bati, na picha ya siku ya uzinduzi.

Ajabu ni kwamba Rufiji, wakati Kibiti ikiwa bado sehemu yake, iliwahi kuifundisha dunia somo hili. Katika miaka ya 1990 Wizara ya Afya, kwa msaada wa Kanada, ilianzisha mradi wa TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Kuanzia 1998 wahesabuji walipita Rufiji nyumba kwa nyumba, kila baada ya miezi minne: nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa na kwa ugonjwa gani. Huko Morogoro ilionekana kwamba malaria ilichukua asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, huku ikitengewa asilimia 5 tu ya bajeti ya afya. Bajeti zikaanza kufuata vifo. Fedha iliyoongezwa haikufika dola 2 kwa mkazi kwa mwaka, na katika takriban miaka mitano vifo vya watoto Rufiji vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40.

Wachumi hulisoma hilo kama habari ya matumizi mazuri ya fedha. Mimi naliona kama habari ya utu. Kifo cha mtoto kikiandikwa daftarini, kuna ofisa atakayeulizwa; kisipoandikwa, kinaachiwa Mungu na wafiwa. Sasa tazama kata zilizohesabiwa: Bungu, Mchukwi, Kibiti, Umwe, Mgomba, Ikwiriri. Zote ni za bara, zinakofika gari. Visiwa vya delta havimo. Siwalaumu watafiti, mtu huanza anapoweza. Ila serikali si mtafiti. Haina ruhusa ya kuchagua vijiji.

Ipo hatua iliyopigwa. Mfumo wa m-mama, ulioanza kuenezwa nchi nzima mwaka 2022, unapokea simu bure kwa namba 115 na kuwalipa madereva wa kawaida wamfikishe mama au mtoto mchanga hospitali. Naupenda kwa sababu umeuhamisha mzigo wa umbali kutoka kwa mgonjwa. Lakini mvuvi aliyeumwa na nyoka si mama mzazi wala kichanga, na bibi aliyepooza upande mmoja usiku naye hayumo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inaahidi matibabu kwa aliyefika. Nani anamfikisha?

Waheshimiwa madiwani wa Kibiti, bajeti ijayo ya afya ikiletwa mezani, kabla ya kuuliza zahanati ngapi zimejengwa, ulizeni nahodha wa boti ya wagonjwa analipwa kwa fungu lipi, na petroli ya saa nane za usiku imewekwa wapi.