Uzani Usioonekana

Miongoni mwa maswali ya dini yasiyosemwa sana mimbarini limo hili: mtu ajuaye jambo lililofichika anadaiwa nini na yule asiyelijua? Wanavyuoni wamelijadili katika biashara ya nafaka, nguo na wanyama; nami napenda kulitazama ndani ya kifuniko cha skuta, kwa sababu katika mji wetu wa Uvira watu wengi siku hizi hukabidhi riziki yao, na pengine maisha yao, kwa mikono ya fundi ambaye kazi yake hawataiona kamwe.

Pikipiki nyingi za abiria hapa ni za gia za mguuni, Boxer na TVS, na dereva wake huamua mwenyewe lini apandishe gia na lini aishushe. Skuta ni chache, lakini zipo, nazo hupita katika barabara ile ile itokayo Kavimvira hadi Kalundu, ziwa likiwa upande mmoja na milima ya Mitumba imesimama upande wa pili, karibu hata mji hauna pa kukua ila kwa urefu. Aliyepanda skuta hana gia ya kukanyaga. Kazi hiyo imewekwa katika variata, yaani sahani mbili za mteremko zilizofungwa kwenye ncha ya mhimili wa injini, na baina yake umepita mkanda wa mpira. Nyuma ya sahani moja zimo rola, aghalabu sita, kila moja na uzani wake wa gramu kadhaa. Injini izungukapo kwa kasi, rola hukimbilia ukingoni, huisukuma sahani, na mkanda hupanda juu ya duara kubwa zaidi. Rola zikiwa nyepesi, injini huvuma sana kabla ya mkanda kupanda, na chombo hupata nguvu ya kuondoka na kukwea. Zikiwa nzito, mkanda hupanda mapema, injini hutulia, lakini mlimani chombo hulegea. Slaida, vipande vitiwavyo mahali pa rola, ambazo kampuni ya Dr. Pulley ya Taiwan imejipatia sifa kwazo, haziviringiki: zina pande bapa, huteleza juu ya njia yake, na kwa umbo hilo huweza kuisukuma sahani mbali kidogo kuliko rola ya mviringo, hata mwendo wa mwisho ukaongezeka.

Kwa hiyo gramu chache alizozichagua fundi ndizo zitakazomwamulia mwenye skuta lini mwendo ubadilike, kila siku, pasipo kuulizwa. Sijui kazi nyingine ya mkono ambamo uzani mdogo kiasi hicho una hukumu kubwa kiasi hicho. Na habari ya uzani, dini hazikuiacha nyuma. Kumbukumbu la Torati lilimkataza mtu kuwa na mawe mawili ya mizani mfukoni mwake, moja zito na moja jepesi. Na Kurani ina sura nzima iliyopewa jina la wapunjao vipimo, al-Mutaffifin. Fundi atiaye rola tatu mpya, akaziacha tatu kuukuu zilizopungua kwa kuchakaa, kisha akatoza bei ya sita, ametenda lile lile lililokatazwa, tena mahali ambapo mnunuzi hawezi kuweka mizani yake. Sahani husukumwa kwa nguvu zisizo sawa, njia za rola huchimbika, na gharama hurudi kwa mwenye mali.

Lakini huo ni wizi, na wizi haututaabishi kuuhukumu. Lenye taabu ni jambo la kunyamaza. Mtu akaaye mitaa ya juu, ambaye kila jioni hupanda kwake na mzigo nyuma, asikia kwamba slaida zaongeza kasi. Aja garajini na fedha mkononi, ataka slaida, tena nzito kwa kuwa ndizo zilizosifiwa. Fundi anazo. Anajua pia kwamba kasi ile itapatikana katika barabara tambarare tu, na kwamba mlimani chombo kitazidi kulegea. Je, akinyamaza akauza, amekosa?

Wako wasemao kwamba mteja ni mtu mzima, ameomba kitu, amepewa kitu, na mapatano yametimia. Hoja hii naikataa. Asiyejua hajui hata la kuuliza, na ukimya wa ajuaye humziba njia ya pekee ambayo angejulia. Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni akatia mkono katika lundo la nafaka, vidole vikakuta umaji chini. Muuzaji alijitetea kwamba ni mvua, wala hakusema uongo, lakini aliulizwa kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu watu wapate kuiona. Angalia kwamba hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa mpangilio wa lundo.

Walakini ujuzi haumpi fundi mamlaka juu ya mali ya mwenzake. Yuko fundi mmoja karibu na soko la Mulongwe ambaye desturi yake naisifu: hutandika kitambaa chini, akazipanga rola zote sita alizozitoa, akamwita mwenye chombo, “Mama, njoo uone, hii imekuwa bapa upande mmoja, ipitishe kidole,” na mama huinama, hupitisha kidole, huhisi pale palipopoteza mviringo. Ndipo amwulizapo njia anazopita na mzigo anaochukua, akampa rai, kisha akamwachia ikhtiari yake. Kwa rai yangu mimi, katika mji wa miinuko kama huu uzani ni muhimu kuliko umbo: mtu aanze na ule wa kiwandani, apunguze gramu moja kila rola ikiwa safari zake ni za kukwea, na swali la slaida au rola lifuate baadaye.

Tena pana amana ya kutojidanganya. Slaida ina uelekeo wake, na ikitiwa kinyume hukwama. Kabla ya kukaza nati ya variata, sahani za nyuma, zile zipokeazo mkanda upande wa gurudumu, hazina budi kufunguliwa, mkanda uzame ndani yake, ulegee mbele. Fundi asipofanya hivyo, nati hukaza juu ya mkanda uliobanwa, mkononi ikahisika imara, kisha mkanda ukaapo mahali pake hulegea na kuyala meno ya mhimili. Huyu hakukusudia hiana. Lakini fikihi humtoza dhamana mtu ajitiaye utabibu asioujua, akalipa alichokiharibu, nami sioni kwa nini kanuni hiyo isimfikie ashikaye spana.

Nawasihi basi mafundi wa Mulongwe, Kavimvira na Kalundu: kabla hamjarudisha kifuniko, mwiteni mwenye chombo aone kilichotiwa, mtajieni uzani wake kwa gramu, na vipuri vilivyotolewa, hata vikiwa havifai tena kitu, mrudishieni mkononi.