Saa ya Mwanariadha na Saa ya Msitu

Mwanariadha akistaafu na kwenda kusomea sayansi ya uhifadhi wa misitu, watu husema uvumilivu wake utamfaa. Mimi naona uvumilivu huo ni wa namna nyingine. Mkimbiaji huvumilia kwa kuwa siku ya mashindano inajulikana; hata miezi ya mazoezi makali kule Kaptagat ina tarehe yake ya kuvuna. Msitu hauna tarehe hiyo.

Tazama kazi yenyewe. Katika kiwanja cha kudumu cha utafiti, kila mti una kibati chenye namba. Mtafiti hupima mita 1.3 kutoka ardhini, huondoa kuvumwani na mitambaazi iliyoling'ang'ania shina, huzungusha utepe juu ya mstari wa rangi, husoma milimita, huandika. Miaka kadhaa baadaye mtu mwingine, ambaye huenda hata hawajuani, atauweka utepe palepale. Mti kama podo hunenepa polepole mno. Utepe ukipanda au ukishuka kidogo tu, ukuaji wa miaka yote hiyo humezwa na kosa la mkono. Basi usahihi wa leo ni deni kwa mtu usiyemjua.

Rekodi ya uwanjani huandikwa kwa jina la mtu. Namba ya kiwanjani ni ya mti. Je, aliyeishi kwa kushangiliwa anaweza kuipenda kazi ambayo matunda yake yatafika yeye akiwa kaburini? Naamini anaweza, ila ubingwa sio utakaomsaidia.

Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, Eliud Kipchoge alimaliza mbio za marathoni kwa saa 1:59:40. Alisindikizwa na waweka kasi 41 waliopokezana kwa makundi, watano mbele na wawili nyuma, na mwishoni wakampisha apite peke yake. Mweka kasi akizidisha mwendo humchosha anayemfuata, akilegea, humchelewesha. Huwakabidhi wenzake mwendo uleule alioagizwa, kisha hukaa kando. Huyo ameshaijua sehemu ngumu kabisa ya sayansi ya misitu kabla hajajifunza jina la Kilatini la mti hata mmoja.

Bingwa naye hujifunza, na wakfu wa Kipchoge mwenyewe umejitwika kazi ya kupanda miti Kaptagat. Lakini ningekuwa na sauti katika kuchagua wanafunzi wa chuo cha misitu cha Londiani, ningewatafuta kwanza wale waweka kasi waliozoea kutoka barabarani kilomita ya 30 bila kuona aibu.